Kwa nini naacha nafasi tupu mwishoni mwa diski

  

Wiki iliyopita nilikuwa natayarisha seva pamoja na kijana mmoja anayejifunza kazi kwangu. Akaona nimegawanya diski na mwishoni nimeacha kama megabaiti 100 bila kuzipa kazi yoyote. Akauliza, "Mkubwa, hizi mbona umezitupa?" Nikamwambia ni mazoea tu. Hakuridhika, na kusema kweli hilo halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni usiku mmoja wa Oktoba 2013 kule Nyandarua. Sijawahi kuuandika popote kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kuna ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, jina nitaliacha. Mwaka 2008 niliwaandikia programu ya kuweka hesabu za maziwa. Kila asubuhi mfugaji analeta maziwa kituoni, yanapimwa, kilo zinaandikwa kitabuni na kwenye kadi yake. Jioni karani anaziingiza kwenye kompyuta. Tarehe 5 ya mwezi hesabu inafungwa: kilo mara bei, toa chakula cha ng'ombe alichokopa, toa dawa, toa mkopo, na kinachobaki ndicho mfugaji analipwa. Watu zaidi ya mia sita. Kwa wengi wao hiyo ndiyo karo, ndiyo sukari, ndiyo kila kitu.

Kwa kuwa nilijua uzito wa kazi hiyo, seva niliiwekea diski mbili za gigabaiti 160 kwa mtindo wa RAID 1. Wanaojua mambo haya rukeni aya hii. RAID 1 maana yake kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa pia kwenye ya pili, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Kuna kadi maalumu za kufanya hivyo na ni ghali. Linux inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe bila kadi yoyote, kwa kutumia programu iitwayo mdadm. Unachukua patisheni moja kutoka kila diski, unaziunganisha, na kerneli inakuonyesha kitu kimoja kiitwacho /dev/md0. Ili mashine ikiwashwa ijue ni patisheni zipi zinakwenda pamoja, mdadm inaandika lebo ndogo ndani ya kila moja. Lebo hiyo kwa lugha ya wenyewe ni supabloku. Ikumbuke, ndiyo kiini cha kisa hiki.

Seva ilianza na Debian Etch, nikawa naipandisha toleo baada ya toleo hadi Wheezy mwaka 2013. Lebo zile za diski hazikubadilika. Zilibaki za muundo wa zamani, 0.90, kama zilivyoandikwa siku ya kwanza.

Mwezi Septemba 2013 diski zilikuwa karibu kujaa na moja ilianza kulalamika. Nikanunua mbili za gigabaiti 500. Seva ilikuwa na trei za kuchomoa diski huku mashine inawaka, basi nikafanya kazi kwa madaha: chomoa moja, chomeka mpya, igawanye, iongeze kwenye RAID, subiri inakili, kisha rudia na ya pili. Mwisho nikaipanua md0 ijaze nafasi yote na nikaweka GRUB, ile programu ya kuamsha mashine, kwenye diski zote mbili. Ikajibu kwamba kazi imekamilika bila kosa. Mashine haikuzimwa hata dakika moja, makarani waliendelea kuandika maziwa huku mimi nikibadilisha moyo wa seva. Nilirudi Nairobi nikijiona fundi kwelikweli.

Umeona nilichoacha? Sikuiwasha upya. Ningeiwasha upya siku ile, mchana kweupe, wiki tatu kabla ya malipo, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Alhamisi tarehe 3 Oktoba, jioni, stima zikapotea. Betri ya UPS ilikuwa imekufa kitambo na hakuna aliyejua. Stima ziliporudi seva haikuamka. Karani akanipigia simu. "Fundi, kuna maandishi meupe hapa. Inasema grub rescue. Sasa nimwokoe nani?"

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Nikamwuliza kuna nini juu ya maneno hayo. Akanisomea herufi moja moja:

error: unknown filesystem.
grub rescue>

Yaani GRUB imeamka, imetafuta mahali faili zake zilipo, na haikutambua kilichopo pale. Nikachukua matatu ya mwisho kupitia Gilgil, nikafika Ol Kalou kama saa nne na nusu usiku. Kwa wasiopajua Nyandarua, baridi ya huko usiku si ya mchezo.

Ofisini nilimkuta karani na mwenyekiti, na hewa ilikuwa nzito. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake. Karani alikuwa na birika la stima, na alilichomeka kwenye waya ule ule wa seva ili achemshe chai. Kwa hiyo birika ndilo lililounguza mashine. "Kijana wangu," akaniambia, "nilimkataza mara ngapi? Kesho kutwa watu wanataka pesa zao. Kama hesabu zimepotea, huyu hana kazi hapa." Yule dada alikuwa amekaa kwenye kona akiangalia sakafu. Sikusema kitu. Wakati huo hata mimi nilidhani huenda ni birika.

Dhana yangu ya kwanza: diski moja imekufa. Nikachomoa ya kwanza, nikawasha na ya pili peke yake. Kosa lile lile. Nikageuza. Kosa lile lile. Diski mbili mpya haziwezi kufa kwa namna moja kwa saa moja.

Dhana ya pili: kupotea kwa stima kumeharibu mfumo wa faili. Hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu nakala ya mwisho niliyokuwa nayo ilikuwa ya siku nilipobadilisha diski. Vitabu vya vituoni vilikuwapo, lakini kuingiza upya maziwa ya wiki tatu ya watu mia sita kwa siku moja, nani angeweza?

Nikarudisha diski zote mbili, nikaandika ls ili GRUB iniorodheshee inachokiona:

(md0) (md0,msdos2) (md0,msdos1) (hd0) (hd0,msdos2) (hd0,msdos1) (hd1) (hd1,msdos2) (hd1,msdos1)

Orodha hiyo hiyo karani alikuwa amenisomea kwa simu nikiwa Gilgil, na ilinipita sikioni. Sasa niliitazama kwa muda mrefu. hd0 na hd1 ni diski, sawa. Kila moja ina patisheni mbili, ya kwanza ya swop na ya pili ndiyo kila kitu, sawa. md0 ni RAID, sawa. Lakini (md0,msdos1) na (md0,msdos2) zimetoka wapi? md0 yangu imejengwa ndani ya patisheni ya pili. Haina patisheni ndani yake. Hapa GRUB inaniambia kinyume: RAID imezimeza diski nzima nzima, na patisheni ziko tumboni mwake. Ni kama kuambiwa kwamba nyumba iko ndani ya kabati.

Nikajaribu kuipita. Uzuri wa lebo za 0.90 ni kwamba zinakaa mwishoni, kwa hiyo mwanzo wa patisheni ni mfumo wa faili wa kawaida, na programu isiyojua lolote kuhusu RAID inaweza kuusoma. Nikaandika:

ls (hd0,msdos2)/

Faili zikajitokeza zote. boot, etc, home, var. Nilishusha pumzi, karani akainua kichwa. Kisha:

set prefix=(hd0,msdos2)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ikaja, kerneli ikaanza kupakiwa, na mwenyekiti akasimama akashika kofia yake. Halafu ikakwama tena. Safari hii si GRUB, ni hatua inayofuata, pale Linux yenyewe inapotafuta md0 ili iendelee. Ikasema /dev/md0 haipo, ikanitupa kwenye ganda la dharura. Nikaiamuru mdadm iunganishe RAID, na hapo ikanijibu kitu ambacho ningepaswa kukiona wiki tatu kabla: kwamba /dev/sda2 na /dev/sda zina supabloku zinazofanana mno, na kama kweli ni vitu viwili tofauti, nifute supabloku ya kimoja.

Saa saba usiku ushauri huo unavutia sana. Lebo ya sda nzima si sahihi, basi niifute, mambo yaishe. Nilikuwa nimekwisha kuandika amri yote, mdadm --zero-superblock /dev/sda, imebaki kubonyeza Enter. Kilichonizuia ni swali dogo: hiyo lebo ya sda iliandikwa na nani? Mimi sikuwahi kuweka RAID kwenye diski nzima. Na diski zilikuwa mpya dukani.

Nikafuta amri, nikaomba karatasi. Karani akanipa risiti ya maziwa, nikageuza upande wa nyuma.

Kanuni ya 0.90 ni hii. Chukua ukubwa wa kifaa, ukigawe kwa vipande vya kilobaiti 64, yaani sekta 128. Mabaki yasiyotosha kipande kizima yaache. Lebo inakaa mwanzoni mwa kipande kizima cha mwisho. Diski zile zilikuwa na sekta 976,773,168. Ukigawa kwa 128 unapata vipande 7,631,040 na mabaki ya sekta 48. Kipande cha mwisho kinaanza kwenye sekta 976,772,992. Kwa hiyo mtu akiitafuta lebo ya diski nzima, ataangalia hapo.

Sasa patisheni ya pili. Ilianza sekta 4,196,352 na ikaenda hadi mwisho kabisa wa diski. Ukubwa wake ni sekta 972,576,816, yaani vipande 7,598,256 na mabaki yale yale 48. Kipande cha mwisho kinaanza sekta 972,576,640 toka mwanzo wa patisheni. Ongeza 4,196,352.

976,772,992.

Nilihesabu mara mbili. Ni lebo moja! Hakuna lebo ya sda na lebo ya sda2. Ni baiti zile zile, mahali pale pale, na zinasomeka kutoka milango miwili. Ningeifuta ya sda ningekuwa nimefuta ya sda2. Data yenyewe isingefutika, lakini ningebaki na diski isiyojua ni ya RAID gani, na kwa hali niliyokuwa nayo usiku ule sijui ningefuta nini kingine baadaye.

Kwa nini diski za 2008 hazikuwa na shida hiyo? Hapa ndipo pananifurahisha hadi leo, mtanivumilia. Zamani fdisk ilikuwa inapanga patisheni kwa silinda, kila silinda sekta 16,065, na ya kwanza ikianza sekta ya 63. Mwishoni mwa diski palibaki kipande kisichotosha silinda nzima, kikaachwa tupu. Na 16,065 haigawanyiki kwa 128, kwa hiyo hesabu ya diski na hesabu ya patisheni hazikukutana isipokuwa kwa bahati mbaya sana. Kuanzia karibu mwaka 2010 fdisk ikabadilika. Patisheni zikaanza kupangwa kwa megabaiti, ya kwanza kwenye sekta 2,048, kwa sababu diski mpya zinafanya kazi vizuri zaidi hivyo. Na 2,048 inagawanyika kwa 128 bila kubaki kitu. Aliyebadilisha fdisk hakukosea. Aliyebuni 0.90 miaka mingi nyuma hakukosea pia, ila lebo yake haisemi imewekwa wapi. Mimi ndiye niliyezikutanisha, nikachukua lebo za zamani nikazipandisha kwenye mpangilio mpya, nikaijaza diski hadi sekta ya mwisho.

Na ukifikiri kwamba kuacha zile sekta 48 za mwisho kungetosha, hapana. Ni mabaki, hazihesabiwi kabisa. Lazima upunguze zaidi ya hapo ndipo kipande cha mwisho kisogee.

Baada ya kujua hayo, kuiamsha mashine ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Unaitajia mdadm vifaa kwa majina ili isitafute yenyewe:

mdadm --assemble /dev/md0 /dev/sda2 /dev/sdb2

Nikatoka kwenye ganda, mashine ikaendelea hadi mwisho. Karani akaketi, akafungua programu, akatafuta maziwa ya jana yake. Yalikuwapo yote, hadi kilo za kituo cha mwisho alizoziingiza dakika kumi kabla ya stima kupotea. Akapiga makofi mara moja, akajiziba mdomo.

Mwenyekiti akasema, "Asante Mungu. Na lile birika sitaki kuliona tena hapa."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimechoka, kila mtu alikuwa na furaha, na birika lingebeba lawama bila kumwumiza mtu. Lakini lingembebesha yule dada, na mzee alikuwa tayari ametaja habari ya kazi yake. Nikamwambia, "Mzee, birika halina kosa. Hata stima hazina kosa. Hii mashine isingewaka siku yoyote ambayo ingezimwa, tangu nilipobadilisha diski. Nilizipanga vibaya na sikujaribu." Akanitazama kwa muda. Nilitarajia maneno makali. Akauliza tu, "Maziwa ya watu yako salama?" Nikamwambia yako salama. "Basi lala, kesho utaeleza vizuri."

Asubuhi nilieleza vizuri, kwa risiti ile ile. Alielewa haraka kuliko nilivyodhani. Akasema ni kama shamba na kiploti kilichokatwa kutoka shambani: ukipima kutoka mwisho wa shamba au kutoka mwisho wa kiploti unafika kwenye kigingi kimoja, na kigingi hakisemi ni cha nani. Sijawahi kupata mfano mzuri kuliko huo.

Ijumaa sikugusa kitu, nilichukua nakala ya data na kuwaachia amri nne kwenye karatasi ukutani kama stima zingepotea tena. Jumamosi tarehe 5 watu walilipwa. Wikendi iliyofuata nilirudi kurekebisha. Niliitoa diski ya pili kwenye RAID, nikaifuta lebo yake (safari hii nikijua ninachofuta), nikaigawanya upya na kuacha megabaiti 100 mwishoni. Juu yake nikaunda RAID mpya yenye diski moja tu na nafasi ya pili ikiwa wazi:

mdadm --create /dev/md1 --level=1 --raid-devices=2 --metadata=1.0 missing /dev/sdb2

Nikanakili kila kitu kwa rsync, nikarekebisha fstab na mdadm.conf, nikaweka GRUB. Kisha nikaizima seva kabisa, nikachomoa ile diski ya kwanza, nikawasha. Ikaamka yenyewe. Nikaizima tena nikawasha tena. Karani akaniuliza kama nimepata wazimu. Ndipo nikaigawanya diski ya kwanza na kuiunganisha. Njia fupi zaidi zilikuwapo, lakini hii iliniachia diski nzima yenye data ya zamani hadi dakika niliyoridhika.

Lebo za muundo wa 1.0 zinakaa mwishoni pia, ila zina adabu moja ambayo 0.90 haina: ndani yake imeandikwa ziko sekta ya ngapi toka mwanzo wa kifaa chao. Anayeisoma kupitia mlango wa diski nzima anaona namba haziafikiani, anaiacha. Tangu mwaka 2010 mdadm yenyewe inatumia 1.2 usipoiambia vinginevyo, na hiyo iko karibu na mwanzo wa kifaa, kilobaiti 4 tu ndani. GRUB ya sasa inaisoma bila shida, ile ya zamani kabisa haikuiweza. Bado kuna mahali pa kutumia 1.0 makusudi, kwa mfano ukitaka patisheni ya EFI iwe kwenye diski mbili, kwa kuwa programu ya ndani ya ubao wa mashine haijui RAID ni nini, inataka kuona FAT ya kawaida toka sekta ya kwanza. Na kama una seva ya zamani ambayo imekuwa ikihamishwa diski hadi diski kwa miaka, hebu ichungulie leo:

mdadm --detail /dev/md0 | grep Version

Ukiona 0.90, usiizime kabla hujajua patisheni ya mwisho inaishia wapi.

Yule kijana alisikiliza yote hayo, kisha akasema kwamba seva tunayoitayarisha ni ya 1.2, kwa hiyo megabaiti zangu 100 hazina kazi. Ni kweli kwa upande huo. Nikamwambia kuna sababu ya pili: diski mbili zinazouzwa kwa ukubwa mmoja zinaweza kutofautiana kwa sekta kadhaa, na siku ya kubadilisha iliyokufa utakuta mpya ni ndogo kidogo, RAID inaikataa. Hiyo aliikubali. Lakini ile hesabu ya lebo aliona kama namtilia chumvi, basi nikampa penseli na ukubwa wa diski iliyokuwa mezani, sekta 1,953,525,168, nimwone ataitafuta wapi lebo ya 0.90. Alichukua kama dakika tano. Akaniambia sekta 1,953,524,992. Nikaihakiki kwa simu, alikuwa ameipata.